Uwiano wa gia za usukani kwenye roboti ya mashindano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yametokana na maswali yanayorudiwa kila Jumamosi kwenye karakana yetu ndogo hapa Ngamiani, Tanga, na mengine tunayopigiwa simu na walimu wa Muheza, Korogwe na Lushoto. Yote yanahusu gia zinazogeuza tairi kulia na kushoto, si zile zinazolisukuma mbele. Anayeanza asome kutoka juu. Aliyekwishajenga na roboti yake inamsumbua anaweza kuruka hadi swali la 8.

## Mambo ya msingi

1. Moduli ya usukani ni kitu gani?

Ni tairi moja lenye mota mbili. Mota ya kwanza hulizungusha tairi ili roboti iende. Ya pili hugeuza fremu yote iliyoshika tairi, ili tairi litazame upande wowote unaoutaka. Ukifunga moduli nne, kila pembe moja, roboti inaweza kwenda mbele, kwenda ubavu au kukata mshazari huku ikijizungusha kama pia. Vijana wengi huuita mfumo huu swevi.

2. Kwa nini mota isifungwe moja kwa moja kwenye usukani?

Kwa sababu mota ndogo ya umeme ina mbio nyingi na nguvu kidogo. Chukua REV HD Hex, mota ambayo timu nyingi zinazoanza huwa nayo. Bila mzigo inazunguka mara 6000 kwa dakika, lakini nguvu yake ya juu kabisa ya kuzungusha ni Nm (nyutoni-mita) 0.105. Hiyo ni karibu sawa na kilo moja iliyoning'inizwa sentimita moja tu kutoka katikati ya shafti. Haiwezi kugeuza tairi lililokandamizwa na roboti ya kilo 15.

Tanga hatukosi baiskeli, kwa hiyo somo hili tunalianzia hapo. Ipindue baiskeli, weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, kisha zungusha pedali mara moja taratibu. Kama gia ya mbele ina meno 44 na ya nyuma 18, ile chaki itazunguka karibu mara mbili na nusu, maana 44 kwa 18 ni 2.44. Umepata mbio, umepoteza nguvu. Ndiyo maana kupanda mlima na gia ya namna hiyo kunauma mapaja. Sasa weka mota upande wa tairi na kazi upande wa pedali: mbio zinapungua mara 2.44 na nguvu inaongezeka mara 2.44, ukitoa kidogo kinachopotea kwenye msuguano. Kupunguza mwendo kwa gia ni hivyo tu.

3. Uwiano unasomwaje, na hatua zikiwa nyingi?

Uwiano wa 20 kwa 1 maana yake mota izunguke mara 20 ili tairi ligeuke mara moja. Hatua zikiwa mbili au tatu, unazizidisha, huzijumlishi. Hatua ya 4 ikifuatiwa na ya 5 inatoa 20.

Jihadhari na namba zilizoandikwa kwenye kifuniko. Vipande vya UltraPlanetary, giaboksi ya REV inayofungwa kwenye mota ile, vimeandikwa 3, 4 na 5, ila uwiano wake halisi ni 2.89, 3.61 na 5.23. Ukifunga cha 4 na cha 5 hupati 20, unapata 18.9. Kwa kukadiria si neno. Kwa programu ni kosa kubwa (tazama swali la 14).

## Namba yenyewe

4. Nianze na uwiano gani?

Kwa roboti ya kilo 10 hadi 18 yenye mota ya mizunguko 6000, anza kati ya 15 na 30. Sisi huanza na 18.9.

Wengi hutujia na namba waliyoiona kwenye moduli za FRC, mashindano ya roboti kubwa ambako kwa miaka mingi ukomo wa uzito ulikuwa pauni 125, karibu kilo 57, bila kuhesabu betri na bampa. Wanauliza: moduli ya MK4 inatumia 12.8, MK4i inatumia 21.43, MAXSwerve inatumia 46.42. Nani yuko sahihi?

Wote wako sahihi, kwa sababu mota ni tofauti. MAXSwerve hugeuzwa na NEO 550, mota ndogo inayokimbia mizunguko 11000 kwa dakika. Igawe kwa 46.42, unabaki na 237. MK4i ikifungwa NEO ya kawaida yenye mizunguko 5676, ukigawa kwa 21.43 unapata 265. Uwiano mmoja ni zaidi ya mara mbili ya mwingine, lakini mwendo wa tairi unakaribiana. Kwa hiyo unapotazama moduli ya mwenzako, usinakili uwiano wake. Gawanya mizunguko ya mota yake kwa uwiano, upate mwendo wa mwisho, halafu tafuta uwiano utakaoipa mota yako mwendo huo. Kama kuna jibu moja la kushika kwenye ukurasa huu, basi ni hili. Kila mwaka tunaona timu iliyofunga 46 kwenye mota ya mizunguko 6000 ikishangaa kwa nini roboti ina usingizi.

5. Nitajuaje tairi langu linahitaji nguvu kiasi gani kugeuka?

Lipime. Hesabu ipo na nitaiandika, ila kipimo hakidanganyi.

Tunatumia mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano ambayo wauza samaki wa Deep Sea wanapimia. Weka roboti sakafuni ikiwa na uzito wake wote, betri ndani, juu ya zulia au ubao uleule wa uwanja wa mashindano. Toa mota ya usukani ili moduli iwe huru. Funga ubapa wa chuma juu ya moduli, utoboe tundu sentimita 20 kutoka katikati, tia ndoano, vuta taratibu kwa pembe mraba. Sindano itapanda, itasita, kisha tairi litaachia ghafla. Namba unayoitaka ni ile ya kabla ya kuachia. Rudia mara tano, kila moduli.

Tuseme umesoma gramu 200. Kilo 0.2 mara 9.8 mara mita 0.2 ni Nm 0.39. Sasa iangalie mota: 0.105 mara 18.9 ni 1.98, toa asilimia 15 ya msuguano wa gia, inabaki kama 1.7. Ni zaidi ya mara nne ya hitaji. Sisi hukataa chochote kilicho chini ya mara tatu, kwa sababu mota inayofanya kazi karibu na nguvu yake ya mwisho hupata moto haraka na haibakizi kitu cha kuongeza kasi.

Hesabu ya karatasi ni hii: uzito unaolielemea tairi moja (kwa nyutoni), mara msuguano wa mpira na sakafu, mara upana wa tairi, gawa kwa 4. Roboti ya kilo 15 huelemea kila tairi nyutoni 37 hivi. Tairi la upana wa milimita 25 na msuguano wa 1 linatoa Nm 0.23. Kipimo cha mizani karibu kila mara huwa juu zaidi, maana kuna beringi na kuna mpira laini unaobonyea. Hesabu hii inakuonyesha jambo jingine zuri: ukipunguza upana wa tairi nusu, nguvu ya kugeuza inapungua nusu. Mara nyingi dawa ya usukani mzito iko kwenye tairi, wala si kwenye gia.

6. Tairi linapaswa kugeuka kwa kasi gani?

Programu ikiandikwa vizuri, tairi halihitaji kugeuka zaidi ya robo mzunguko. Ukitaka kwenda kinyume, mota ya kusukuma inarudi nyuma na usukani unakaa palepale. Kwa hiyo pima muda wa nyuzi 90 tu.

Kwa uwiano wa 18.9, mota ya mizunguko 6000 inageuza moduli mara 317 kwa dakika, yaani robo mzunguko kwa sekunde 0.047 kama ingekuwa tayari imeshika kasi. Ila inaanza kutoka kusimama na inatakiwa isimame tena, kwa hiyo kadiria mara mbili au tatu ya hapo. Roboti inayokwenda mita 2 kwa sekunde husogea sentimita 20 ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Dereva wetu hahisi chochote mpaka muda upite sekunde 0.15. Ukifika 0.3 anaanza kulalamika kwamba roboti inapinda pale ambapo hakuipinda.

7. Si bora niweke uwiano mkubwa ili niwe salama?

Nguvu ni kweli inaongezeka. Lakini rota ya mota nayo ina uzito, na uzito huo unavyohisiwa upande wa tairi huongezeka kwa mraba wa uwiano. Ukiongeza uwiano mara mbili, rota inakuwa nzito mara nne ukiiangalia kutoka kwenye tairi, wakati nguvu imeongezeka mara mbili tu. Kuna mahali mota inamaliza nguvu zake kwa kujisukuma na kujisimamisha yenyewe.

Hatua zikiongezeka, kucheza kwa gia na msuguano vinaongezeka pia. Vipande vitatu vya 3, 4 na 5 kwa pamoja ni 54.6, na hapo mota ile inageuza moduli mara 110 tu kwa dakika. Nguvu tele, lakini umechelewa.

8. "Mwalimu, mbona tairi linatetemeka?"

Swali hili linaulizwa kuliko yote. Sababu ni mojawapo ya hizi tatu.

Ya kwanza, uwiano ni mdogo mno. Msimu mmoja tulifunga kama 10 kwa 1 kwa tamaa ya mbio. Tairi lilikuwa linapita pembe iliyotakiwa, linarudi, linapita tena. Roboti ikisimama, ulisikia mlio kama nyuki ndani ya kopo. Tulihangaika na programu wiki mbili, tukipunguza nguvu ya usukani hadi ikawa haiwezi kumalizia nyuzi tano za mwisho. Tulipobadilisha kwenda 18.9, programu ileile ya mwanzo ikatulia jioni hiyohiyo.

Ya pili, gia zinacheza (tazama swali la 11). Ya tatu, programu inakazania kosa dogo ambalo gia haziwezi kulisahihisha. Ruhusu kidhibiti, yaani sehemu ya programu inayoiamuru mota, kinyamaze kosa likiwa chini ya nyuzi moja.

Kuzitofautisha ni rahisi: inua roboti tairi lielee. Likiendelea kutetemeka hewani, anza na programu au uwiano. Likitulia hewani na kutetemeka sakafuni, kamata tairi kwa mkono ulitikise uone kama gia zinacheza.

## Gia, meno na mikanda

9. Nitumie gia za aina gani?

Giaboksi ya sayari, kama ile UltraPlanetary, kwenye mota, kisha jozi moja ya gia za kawaida au mkanda wa meno kufika kwenye moduli. Mkanda una ukimya na haujali sana shafti zikikosea kidogo. Ila ukilegea unaruka jino, na jino moja likiruka pembe zako zote zimeharibika. Cheni ya baiskeli inafaa kwa mfano wa kufundishia tu, kwa sababu inalegea na ni nzito.

Gia ya parafujo, ile inayojifunga yenyewe, inavutia kwa sababu tairi haligeuki hata ukiligonga. Tuliikataa. Inapoteza nguvu nyingi kwa msuguano, na roboti ikigongwa ubavuni kishindo hakina pa kwenda isipokuwa kwenye meno.

10. Nawezaje kubadilisha uwiano bila kutoboa bamba upya?

Tunza jumla ya meno. Kwa gia za moduli 1 (hapa moduli ni kipimo cha ukubwa wa jino, si ile moduli ya usukani), umbali wa shafti kwa milimita ni jumla ya meno gawa kwa mbili. Meno 20 na 60 yanakaa milimita 40 na kukupa 3 kwa 1. Meno 16 na 64 nayo yanakaa milimita 40, na yanakupa 4 kwa 1. Tundu ni lilelile. Kumbuka tu kwamba gia ya kawaida yenye chini ya meno 17 hukatwa shinani wakati wa kutengenezwa na kudhoofika, isipokuwa umbo la meno limerekebishwa.

Na kabla ya kulipa, hakikisha moduli ya gia. Tuliwahi kuletewa gia za 0.8 tulizoagiza kama 1. Kwa macho zinafanana. Zinaingiliana vizuri kwa meno mawili, la tatu linakwama.

Jambo dogo kwa wanaotaka gia zidumu: chagua idadi mbili za meno zisizo na kigawanyo cha pamoja zaidi ya 1, mfano 17 na 61 badala ya 15 na 60. Jino moja halikutani na lilelile kila mara, na ulaji unaenea sawasawa.

11. Gia zikicheza, ni kiasi gani bado kinakubalika?

Rudisha ule ubapa wa swali la 5. Funga mota isigeuke, sukuma ncha ya ubapa huku na huku. Kwa sentimita 20, nyuzi moja ni milimita 3.5. Tukiona zaidi ya milimita 7 tunafungua.

Anza kutafuta kwenye jozi ya mwisho, iliyo karibu na tairi. Ulegevu wa hatua za mwanzo hugawanywa na gia zinazofuata, lakini wa hatua ya mwisho unafika kwenye tairi mzima mzima. Kwa hiyo gia yako nzuri na ya gharama iweke mwisho, ile ya wasiwasi iweke karibu na mota. Mzee mmoja aliyetumikia korona, mashine za kuchakata mkonge, miaka mingi ndiye aliyetufundisha kusikiliza: ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi, mpini sikioni. Gia nzima hutoa mvumo mmoja. Gia iliyokaa upande hugonga, na unaweza kuhesabu mapigo hayo kwa kila mzunguko.

12. Gia za plastiki za kuchapa zinafaa kwa hali ya hewa ya Tanga?

Za PLA, plastiki ya kuchapa iliyozoeleka, hapana, isipokuwa kwa kujaribia umbo. PLA huanza kulainika kwenye nyuzijoto 60 hivi, na gari lililofungwa vioo juani huku pwani linaifikia bila shida. PETG, plastiki nyingine ya kuchapa, huvumilia hadi karibu 80. Nailoni ina nguvu, lakini hunywa unyevu wa hewa na kuvimba. Gia uliyoichapa ikae vizuri itakuja kubana baada ya wiki kadhaa za masika. Ichape na nafasi kidogo zaidi.

Gia za chuma nazo zina adui wake, chumvi. Karakana iliyo karibu na bahari huonyesha kutu kwenye meno makavu ndani ya siku chache. Grisi nyembamba, kifuniko juu yake, na usipake nyingi hadi ikakusanya mchanga.

## Enkoda na programu

13. Enkoda ifungwe wapi?

Enkoda ni kifaa kinachosoma pembe ya mzunguko. Ifungwe kwenye moduli yenyewe, moja kwa moja, ikizunguka mara moja kila tairi linapogeuka mara moja. Enkoda ya upande wa mota inajua imezunguka kiasi gani tangu umeme uwashwe, lakini haijui tairi lilikuwa linatazama wapi kabla ya hapo. Kwa uwiano wa 18.9 kuna karibu sehemu 19 tofauti ambazo mota inaziona kuwa ni palepale.

14. Uwiano niandike kwa desimali ngapi?

Usiandike desimali, andika sehemu. Ule wa MK4i ni 150 kwa 7. Ukiandika 21.4 kwenye programu, kosa ni kama asilimia 0.13, na linaonekana halina maana. Moduli ikigeuka mara 100 upande mmoja, kosa limefika nyuzi 48. Hesabu meno kwa kidole, gia moja moja, uandike hesabu yote kama ilivyo. Kisha kila roboti inaposimama, sahihisha kwa enkoda ya swali la 13.

15. Nikigeuza usukani, tairi linajizungusha lenyewe. Kuna ubovu?

Hakuna. Kwenye moduli nyingi shafti ya kusukuma inapita katikati ya usukani, kwa hiyo moduli inapogeuka, gia ya tairi inabiringika juu ya gia iliyosimama. Shika mota ya kusukuma isisogee, geuza moduli mzunguko mmoja kwa mkono, uhesabu tairi limezunguka kiasi gani. Namba hiyo iingie kwenye programu, la sivyo roboti itahesabu umbali ambao haikwenda.

## Hali za nadra

16. Naweza kutumia servo badala ya mota?

Ndiyo, na kwenye FTC, mashindano ya roboti ndogo kuliko za FRC, wengi hufanya hivyo, kwa sababu moduli nne zenye mota mbili mbili humaliza mota zote 8 zinazoruhusiwa na mkono wa roboti unabaki bila kitu. Servo ni mota ndogo yenye gia na kidhibiti chake ndani; tumia ile inayozunguka bila kikomo. Servo ya nyuzi 180 kinadharia inatosha kwa sababu ya lile jambo la swali la 6, lakini ikifika ukingoni inalazimika kurudi nyuzi zote 180, na itafanya hivyo wakati mbaya kuliko wote. Kwa kuwa gia tayari zimo ndani, anza na 1 kwa 1 na urudie kipimo cha swali la 5.

17. Fyuzi inakatika tukigeuza matairi yote pamoja. Ni uwiano?

Inawezekana. HD Hex ikikwama huvuta ampea 8.5, nne ni 34, na betri ya FTC ina fyuzi ya 20. Mota zenye nguvu ya kutosha hazikwami, kwa hiyo rudi swali la 5. Kama nguvu inatosha na bado fyuzi inakatika, tafuta tairi lililobanwa na fremu. Kwenye mota zenye vidhibiti vinavyoweka ukomo wa umeme, weka ukomo. Kwa NEO 550 ya usukani, ampea 20 ni kiasi kilichozoeleka.

18. Moduli moja imevunjika na kipuri kina uwiano mwingine. Tufunge?

Fungeni, mradi programu inajua uwiano wa kila moduli peke yake. Kisha punguzeni kasi ya usukani ya zile tatu ilingane na iliyo polepole, la sivyo roboti itapinda kila inapoanza kubadili mwelekeo.

19. Tukisafiri kwa basi kwenda Dar, gia zinafika salama?

Kama roboti imesimama juu ya matairi yake, hazifiki. Ni saa nyingi za mtikisiko kupitia Segera na Chalinze, na kila tuta hupigisha meno mawili yaleyale. Iwekeni juu ya ubao, matairi yaelee, mshikilie moduli kwa kamba ya mkonge. Kabla ya kuondoka, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye bamba. Mkifika, mstari uliokatika unawaonyesha bolti ipi ianze kukazwa, na moduli hiyo irudiwe kipimo cha swali la 11 kabla ya mechi ya kwanza.